Popo wa mwaloni namba 41

Shaame Hamad Faki aliandikishwa kuwa mhesabu popo wa kujitolea katika msitu wa Hollin, kaskazini ya Hayes, Landani, tarehe 2 Mei 2012. Jina lake ni la kumi na saba katika daftari la ofisi ya msitu. Kwenye safu ya uzoefu ameandika kwa herufi kubwa: mlinzi wa msitu, Pemba, miaka tisa.

Miaka tisa hiyo aliifanya Ngezi, kuanzia 1979 hadi 1988. Jioni moja kila wiki alikaa pembezoni mwa msitu akahesabu popo wakubwa wakitoka kwenda kutafuta matunda. Mkuu wake alitaka mambo matatu tu: tarehe, saa na idadi. Saa iandikwe pale pale, si nyumbani baadaye kwa kukisia, na kila Jumamosi daftari lilikaguliwa. Shaame alifika Landani mwaka 1990 na tangu hapo amepakia mizigo usiku katika maghala ya Hayes, lakini mkono wake haukuacha ule uandishi. Daftari lake la Hollin lina jalada jeusi na mistari ya bluu, na kila ukurasa umeandikwa kwa mtindo ule ule wa Ngezi, kwa Kiswahili.

Ghalani walimjua kwa jambo hilo. "Mpemba kavuka bahari mbili kumfuata Popobawa," Abdulsamad, Mtumbatu aliyepakia naye mizigo, alikuwa akisema wakati wa mapumziko, akimtaja yule jini wa Pemba anayesemwa huvamia watu usiku. "Sie tunamkimbia, yeye anamwandikia saa ya kutoka."

"Yule wenu haandikiki," Shaame alimjibu. "Hana saa maalumu ya kutoka."

Hollin ni msitu wa hekta arobaini na tano. Uingereza msitu huitwa wa kale ukithibitika kuwapo tangu mwaka 1600 bila kukatika, na Hollin upo kwenye ramani za zamani kuliko hapo. Kuulinda si kuuacha. Kila kipupwe sehemu moja hukatwa: miti midogo migumu, ambayo Waingereza huiita honbimu, hushushwa hadi kwenye kisiki, na majira ya kuchipua kila kisiki hutoa fimbo kumi au ishirini mpya. Jua hufika chini, maua hutoka, vipepeo hurudi. Mialoni mikubwa huachwa isimame juu ya yote hayo. Magogo yaliyooza hayaondolewi, kwa sababu mbawakawa huishi humo miaka kadhaa kabla ya kupata mabawa. Anayepita bila kujua hudhani nusu ya msitu imevamiwa na nusu nyingine imetelekezwa.

Mwaloni namba 41 ni mmoja wa ile mikubwa. Umeinama juu ya njia ya miguu ambayo watoto wa shule ya msingi hupita asubuhi na alasiri. Kwenye urefu wa mita tisa una tundu lililochongwa na kigogota, na tangu Juni 2012 Shaame alikuwa ameandika kwamba ndani ya tundu hilo popo majike huzaa na kulea. Ni popo wa kahawia, wakubwa kwa kipimo cha Uingereza, yaani mtu anaweza kumficha mmoja ndani ya ngumi. Huzaa mwishoni mwa Juni. Mtoto huchukua wiki tatu au nne kabla ya kuruka.

Jumanne tarehe 8 Julai 2014, akitoka zamu, Shaame alikatiza msituni kama kawaida yake. Ilikuwa siku ya kumi ya Ramadhani na hakuwa amelala. Kwenye shina la namba 41 palikuwa na pete ya rangi ya chungwa, na chini yake karatasi ndani ya nailoni: mti huu utakatwa Alhamisi, tarehe 10 Julai, kuanzia saa moja asubuhi.

Msimamizi wa msitu, Lawrence Whitcombe, alikuwa ofisini, kibanda cha mbao karibu na lango. Ni mtu mwangalifu, wa miaka arobaini na kitu, aliyesomea misitu na asiyependa kupandisha sauti. Walizungumza Kiingereza.

"Tawi la pili limeanguka Jumapili," alisema kabla Shaame hajauliza. "La kwanza lilikuwa Februari, na dhoruba. Hili limeanguka bila upepo. Ingekuwa siku ya shule, leo ningekuwa nazungumza na wazazi."

"Funga njia."

"Nimeifunga. Wanapita chini ya utepe. Nina cheti cha mtaalamu, alikagua Aprili na hakuona popo."

"Aprili hawajafika. Sasa hivi kuna watoto ndani hawawezi kuruka. Mmeniona nikiandika miaka yote hii. Someni rekodi."

"Tumezisoma," Lawrence alisema. "Wiki iliyopita. Ndiyo mara ya kwanza mtu kuzisoma, na hilo ni kosa letu."

Alitoa karatasi kwenye jalada akaiweka mezani. Ilikuwa orodha iliyochapwa, mistari thelathini na mmoja, na safu ya nne ilikuwa ya saa. 03:24. 03:05. 02:53. 02:27.

"Hizi ni rekodi zako?"

"Zangu."

"Na saa hizi uliziandika wewe?"

Shaame alivaa miwani akafuata mistari kwa kidole. Juni kumi na mbili: tatu na ishirini na nne. Aliikumbuka jioni ile, alikuwa na mafua. Agosti kumi na saba: mbili na ishirini na saba.

"Ndiyo. Sawasawa."

"Soma tena. Sikuharakishi."

"Nimesoma. Niliandika pale pale chini ya mti."

"Na wewe mwenyewe ulikuwa chini ya mti, saa hizi zilizoandikwa hapa?"

"Siku zote hizo. Nilikuwapo."

Lawrence aliandika mstari mmoja kwenye karatasi yake mwenyewe, akaweka tarehe. Kisha akamwomba Shaame aache kitambulisho na kizibao cha manjano.

"Kwa nini?"

"Utapata barua. Sitaki kusema jambo hapa ambalo litahitaji kusemwa vizuri zaidi kwa maandishi."

"Na mti?"

"Ushahidi pekee kwamba kuna popo ni rekodi hizi, na siwezi kuzitumia. Mkandarasi anakuja Alhamisi."

Barua ilifika Jumatano kabla ya adhuhuri, kwa baruapepe ya binti wa Shaame. Raya, aliyezaliwa Landani mwaka 1992, hufanya kazi katika ofisi ya mawakili Harrow, na ndiye aliyekuwa akiingiza rekodi za babake kwenye kompyuta ya msitu, kwa sababu fomu ile ilimshinda mzee. Alimpigia simu wakati wa chakula cha mchana.

"Baba, they're saying umedanganya. Wanasema hukuwa msituni, ulikuwa kazini."

"Nani kasema?"

"It's in the letter. Popo zote, wanasema umetunga."

Jambo la kwanza alilolifikiria Shaame ni Abdulsamad. Aliona kama mzaha wa ghalani umefika mahali usipotakiwa kufika. La pili lilikuwa saa: zilibaki kumi na nane kabla ya misumeno. Alichukua daftari jeusi akapanda basi kwenda Harrow, kwa mtu pekee ambaye Lawrence alimsikiliza.

Pradip Vyas alifundisha hesabu katika shule za Landani kwa miaka thelathini na moja. Alizaliwa Mwanza, akaondoka na wazazi wake mwaka 1971 akiwa na miaka kumi na tisa. Siku hizi huhesabu vipepeo Hollin kila Jumatatu. Alimfungulia Shaame mlango akiwa amevaa kandambili.

"Karibu, Bwana Shaame. Chai sikupi, najua umefunga. Uso gani huo?"

"Wanasema mie mwongo, Mwalimu."

Pradip aliisoma barua ambayo Raya alikuwa ameituma kwenye simu ya babake, akaipanua kwa vidole viwili, akaisoma tena. Kisha akaitafsiri taratibu, kwa Kiswahili kilichokaa muda mrefu bila kutumika.

"Wanasema rekodi zote ni za kati ya saa nane na saa kumi usiku. Lango lao linafungwa saa nne. Na fomu yako inasema saa nne na nusu unaingia ghalani mpaka asubuhi. Halafu wanasema popo saa hizo wanarudi, hawatoki. Wewe umeandika wanatoka. Mwisho wanasema ulipewa nafasi ya kusahihisha, ukathibitisha mbele ya msimamizi."

"Saa nane usiku? Miye sijapata kuwa msituni saa nane usiku. Nithibitishe nini?"

"Basi lete daftari."

Alilifungua juu ya meza ya jikoni, kando ya orodha iliyoambatanishwa na barua. Alisoma kwa sauti, kama anayesimamia imla. "Tarehe kumi na mbili Juni. Saa tatu na dakika ishirini na nne usiku. Popo ishirini na tisa." Akatazama orodha. Akarudi kwenye daftari.

"Nani kapiga chapa hii?"

"Raya."

"Mpigie."

Raya alijibu mara moja. Shaame aliweka simu katikati ya meza.

"Raya, mwanangu, pale nilipoandika saa tatu na ishirini na nne usiku, wewe uliandika nini?"

"Three twenty-four. Fomu inauliza usiku au mchana. Umeandika usiku, so I put night."

"Saa tatu usiku ni saa ngapi?"

"Three. At night."

Shaame alifumba macho. Pradip alikuwa ameanza kucheka, akaziba mdomo.

"Nikikwambia rudi nyumbani saa tatu usiku, unarudi saa ngapi?"

"Baba, hujawahi kuniambia hivyo. Unaniambia nine. Saa zote unaniambia kwa Kiingereza."

Ilikuwa kweli. Alianza tangu Raya yuko chekechea, asije akachanganya akachelewa shule. Alimfundisha majina ya samaki, ya ndugu, ya magonjwa, na dua za kulalia. Saa hakumfundisha.

"What did I do?" Raya aliuliza.

"Hukufanya kitu. Miye ndiye niliyeangalia karatasi yao nikasema sawasawa." Akaeleza. Raya akasema anaomba ruhusa kazini.

"Usije," Shaame alimwambia. "Andika barua. Sema ulichokifanya, hivyo hivyo ulivyoniambia, na uweke jina lako."

Simu ya Lawrence haikupokelewa. Walimkuta msituni saa kumi na moja jioni, akipima kwa hatua mahali mashine ya mkandarasi itakaposimama. Mvua nyepesi ilikuwa imeanza. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza.

"Jana nilikuuliza mara tatu," alimwambia Shaame. "Ukasema ni sahihi. Leo, mti ukiwa umebakiza usiku mmoja, unaniambia zote thelathini na moja zimekosea, na zimekosea kwa saa sita kamili."

"Hazikukosea. Zimesomwa vibaya. Kwetu saa ya kwanza ni jua linapochomoza."

"Kwa watu wangapi?"

"Kwa mamilioni," Pradip alisema. "Mimi nilifaulu mitihani kwa saa hizo."

"Pradip, sijasema hakuna saa kama hizo. Nasema siwezi kujua kama ndizo alizotumia."

Pradip alikuwa amelingojea hilo. Alitoa mfukoni ratiba ya swala ya mwaka mzima, ile inayogawiwa na msikiti wa Hayes, ambayo Shaame huiweka ndani ya daftari. Akaweka kidole kwenye safu ya Magharibi.

"Hii ni saa ya jua kuzama. Jua halibadilishi ratiba mwaka hadi mwaka, labda dakika moja. Chagua tarehe yoyote kwenye orodha yako, ongeza sita, linganisha. Chagua mwenyewe."

Lawrence alichagua tarehe 25 Mei, kisha 17 Agosti, kisha tatu nyingine kwa kuruka ruka. Kila mara popo wa kwanza alitoka kati ya dakika nne na dakika tisa baada ya Magharibi. Kuelekea Juni saa zilisogea mbele, kuelekea Agosti zikarudi nyuma.

"Mwongo mwenye kalenda angeweza kufanya hivi," alisema, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Angeweza," Pradip alisema. "Angeanza mwaka 2012, mti ukiwa mzima, kisha angekosea kwa makusudi ili asiaminiwe."

Lawrence aliitazama pete ya chungwa. "Mkandarasi simwambii asije kwa sababu ya hesabu tu. Nikiona popo mmoja anatoka katika tundu lile, kwa macho yangu, sheria inanizuia kuugusa mti na ninafurahi kuzuiwa. Nisipoona, unakatwa. Leo, basi. Jua linazama saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika kumi na saba," Shaame alisema, kisha akairudia kwa Kiingereza.

Mvua haikukatika. Popo hawa hula wadudu wa angani, na wadudu hawaruki kwenye mvua; jioni kama hiyo huweza kuchelewa sana, au kutotoka kabisa. Shaame alilijua hilo na hakulisema. Alijua pia kwamba basi la mwisho litakalomfikisha zamuni lilipita saa tatu na dakika hamsini na tano. Msimamizi wa zamu alishampa onyo mwezi Mei.

Magharibi ilipoingia alifungua kwa tende mbili na maji, akawapa wenzake wawili tende moja moja. Kisha alitandika koti la Pradip juu ya majani.

"Mie naswali. Ninyi msiondoe macho kwenye tundu."

Alipotoa salamu ilikuwa saa tatu na ishirini na nane. Hakuna kilichotoka. Kwenye orodha ya Lawrence hapakuwa na rekodi hata moja iliyochelewa hivyo. Tatu na nusu: kunguru wawili, na ndege ya abiria iliyoshuka kuelekea Heathrow. Kifaa cha Lawrence cha kunasa sauti za popo kilitoa mkwaruzo mtupu. Tatu na dakika thelathini na sita mvua ilizidi.

"Kwenye rekodi zako haizidi dakika tisa," Lawrence alisema.

"Bila mvua."

"Zote thelathini na moja zilikuwa bila mvua?"

"Siku za mvua sikuja. Mwenye kuhesabu haji na mvua, inaharibu hesabu."

Hilo ni kweli, na hufundishwa kila mhesabu popo. Lawrence mwenyewe ndiye anayelifundisha. Aliitikia kwa kichwa, akainua tena shingo.

Saa tatu na dakika arobaini mvua ilipungua, na dakika tatu baadaye ikakatika. Matone yaliendelea kudondoka kutoka matawini, na kila tone lililopita mbele ya tundu lilimfanya Pradip avute pumzi. Shaame aliangalia saa yake, akaangalia upande wa barabara, akarudisha macho juu.

Saa tatu na dakika arobaini na nane kifaa kililia, mlio mzito wa kupokezana, kama matone kwenye bati. Kitu cheusi kilijitokeza kwenye ukingo wa tundu, kikaning'inia, kikajiachia, kikafunua mabawa kabla ya kufika usawa wa honbimu.

"Mmoja," Shaame alisema. Akaandika saa kabla ya kusema la pili. "Wawili. Watatu, wanne."

Alifika kumi na mmoja. Kisha akafunga daftari na kulitia mfukoni, kwa sababu ilikuwa saa tatu na dakika hamsini na mbili.

"Endeleeni. Kumi na mmoja mpaka hapa. Msihesabu anayerudi, wengine hurudi kunyonyesha." Akaondoka kwa mbio kupitia njia iliyozuiwa na utepe.

Basi alilipata. Akiwa njiani ujumbe wa Pradip ulimfikia: thelathini na nane, na Lawrence yuko kwenye simu na mkandarasi. Ujumbe wa pili ulisema kwamba mkandarasi ana hasira, lakini haji.

Mwaloni namba 41 utabaki umesimama. Njia ya chini yake imefungwa kwa uzio wa mbao, na watoto wa shule watazunguka kwa barabara kuu mpaka kipupwe. Mwezi wa Oktoba, popo wakishaondoka na kibali kikishatoka, matawi mawili yanayoelekea njiani yatapunguzwa na shina litaachwa na tundu lake. Shaame Hamad amerudishiwa kitambulisho na kizibao. Rekodi ya tarehe 9 Julai imepokelewa kwa jina lake na la Lawrence. Zile thelathini na moja za kabla yake bado zina alama ya shaka kwenye kompyuta, na mtaalamu wa nje atazipitia moja baada ya nyingine mwezi wa Novemba, daftari jeusi likiwa mezani na mkalimani akiwa pembeni.